Maharage Juu ya Picha ya Eropleni

Juzi kijana mmoja wa chuo alinijia nyumbani hapa Karatu na kompyuta yake begani. Mjini walimwambia kuna mzee aliyefanya kazi na watafiti wa wanyama tangu enzi za mkoloni, naye akataka kumwona huyo mzee kabla hajafa. Hilo la kufa hakulisema yeye, nalisema mimi. Akaketi, akafungua mashine yake, akanionyesha picha zilizopigwa na vile videge visivyo na rubani. Akabonyeza mahali, na mara kila ng'ombe akazungushiwa kiboksi chekundu na kila nyumbu kiboksi cha bluu.

"Babu, mashine yenyewe ndiyo inayowatambua," akasema. "Utafiti wa siku hizi umefika hapo."

Nikamwuliza, "Na picha mbili zikipandiana, ng'ombe yule yule akatokea kwenye zote, inajua kwamba ni mmoja?"

"Inajua, babu. Inatafuta alama zinazofanana huku na huku, halafu inaziunganisha."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kijana akadhani nimeugua. Wapi! Ilikuwa furaha. Kazi hiyo hiyo tuliifanya sisi juu ya meza ya mbao, pale ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kabla ya Uhuru, kwa picha za eropleni na mbegu za mama yangu. Nilimweleza, akarekodi kwenye simu. Lakini nilipomaliza niliona nimeruka mengi, ndiyo maana nakaa sasa kuandika mwenyewe.

Shule sikusoma sana. Nilifika darasa la pili kwa wamisionari, nikajua kusoma, kuandika na kujumlisha. Baba akafariki, nikarudishwa kuchunga. Kwa hiyo maandishi yangu yakitangatanga, msishangae; hata mbuzi wangu walitangatanga hivi hivi.

Nilipopata nguvu za mabega nilikwenda kubeba magunia kwenye mashamba ya ngano ya walowezi, upande wa juu wa Karatu. Huko kulikuwa na kombaini, ile mashine inayokata ngano na kuipura hapo hapo. Wenzangu waliiogopa kwa makelele yake. Mimi nilizunguka nyuma yake kila siku mpaka fundi akanifundisha kufunga mkanda wake ukichomoka. Nasema hivi si kujisifu tu, ingawa na kujisifu kumo. Nasema ili mjue ugonjwa wangu: kitu kipya kikija, sina usingizi mpaka nijue kinafanyaje kazi. Ugonjwa huo ninao hadi leo. Mke wangu anasema nitazikwa na redio niliyoifungua na sijaifunga.

Haya, turudi kwenye kreta. Mwaka wa hamsini na tisa wafugaji walihamishwa kutoka Serengeti wakaambiwa Ngorongoro ndiyo kwao, waishi humo pamoja na wanyama wa porini. Mwaka huo huo nilipata kazi kwenye kambi ya mtafiti mmoja, Mzungu mwembamba, mwenye kikohozi cha baridi ya kule juu. Mahema yalikuwa matatu, jiko la mawe, na meza moja kubwa ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuweka chai juu yake. Kazi ya Mtafiti ilikuwa kujua wanyama wa mle ndani ni wangapi, na kazi yangu ilikuwa kubeba, kuchota maji na kuosha gari.

Mwanzo walihesabu kwa macho. Magari yalijipanga mstari mmoja chini kwenye uwanda, yakaenda polepole, na kila aliyekaa juu ya gari alishika kidude cha chuma cha kubonyeza. Mnyama mmoja, bonyeza mara moja. Baada ya muda nami nikapewa kidude changu. Hapo kulikuwa na shida kidogo, na lazima niieleze, maana ninyi wa leo hamwezi kuijua. Kwetu mifugo haihesabiwi. Huwezi kusimama mlangoni mwa zizi ukanyosha kidole moja, mbili, tatu, unawaitia kifo. Unatazama kundi lote kwa mara moja, na rangi ya yule asiyekuwepo ndiyo inayokujia machoni. Mama alinifunza hivyo, naye alifunzwa hivyo na waliomtangulia. Sasa huyu mtoto wake analipwa kuhesabu! Nikapata njia. Nilibonyeza mkono ukiwa ndani ya mfuko wa koti, na kidole sikumnyoshea mnyama yeyote. Mtafiti aliniona, akauliza, nikamweleza. Hakucheka. Toka siku ile na yeye alibonyeza ndani ya mfuko.

Kila mara gari lilipotoka Arusha na barua, Mtafiti aliletewa bahasha nene za majarida kutoka kwao. Hayo majarida yalikuwa na habari za watafiti wenzake: nani amefanya nini, kwa njia gani. Aliyasoma akiwa amesimama, hata kofia hajavua. Nami nilianza desturi ya kumsogelea na kumwuliza, "Bwana, kuna jipya?"

Mwanzo alijibu tu kuniondoa. Baadaye, akiona naendelea kuuliza, akawa anakaa na kunifasiria. Ndivyo nilivyosikia kwamba mahali fulani watu wamegundua kila punda milia ana michirizi yake peke yake. Ndivyo nilivyosikia habari ya mashine kubwa kama nyumba, iliyoko kwenye chuo kikuu cha kwao, inayolishwa kadi zenye matobo na kutoa majibu ya hesabu ambayo watu wangeifanya mwaka mzima.

"Kadi yenye matobo?" mpishi wetu aliuliza. "Hiyo imeliwa na mchwa, Bwana. Itajibu nini?"

"Matobo ndiyo maneno yenyewe," Mtafiti akasema.

"Basi mimi suruali yangu ni kitabu."

Tulicheka, lakini mimi lile jambo nililiweka moyoni. Na siku moja bahasha ilileta habari iliyobadilisha maisha yangu: wenzake sasa hawahesabu kwa gari, wanapiga picha kutoka kwenye ndege, kisha wanakaa mezani na kuhesabu kwa utulivu. Haukupita muda mrefu, eropleni ndogo ikaja kutuzungukia juu ya kreta, mistari mistari, kama mtu anayelima kwa plau.

Picha zilipoletwa, sote tulisogea mezani. Zilikuwa kubwa, nyeusi na nyeupe. Mpishi aliishika moja juu chini akasema ni ngozi ya mbwa mwenye viroboto. Wengine walisema ni ukungu. Mimi mwenyewe, nawaambia ukweli, sikuona kitu. Nilizoea mnyama mwenye miguu na pembe. Pale palikuwa na chembe za ulezi zilizomwagika.

Mtafiti akaniletea kioo cha kukuzia. "Usimtafute mnyama," akasema. "Tafuta kivuli chake. Ndege inamwona mgongo tu. Lakini jua linamlaza chini ubavu, na hapo utamwona mzima."

Nikainama. Nikakaa pale mpaka shingo ikauma. Mara, kama mtu aliyefunguliwa dirisha, nikaona shingo. Nikaona nundu. Kile kivuli chenye mteremko kutoka bega hadi mkiani kilikuwa nyumbu. Kile chenye nundu na mgongo ulionyooka kilikuwa ng'ombe. Nilipiga kelele mpishi akadondosha sufuria. Tangu hapo sikuwa mchota maji tena. Nilikuwa msomaji wa picha, na katika kambi ile, ukimwondoa Mtafiti, nilikuwa peke yangu. Wenzangu walichoka macho wakarudi kwenye mizigo. Nilitembea Karatu siku za sokoni nikiwa nimekunja kola, nikisubiri mtu aniulize nafanya kazi gani.

Maharage yalikuwa wazo langu, na hili silifichi. Kalamu ilichafua picha, na ukikosea hufuti. Nikakumbuka jinsi wanawake wa kwetu wanavyochambua maharage kwenye ungo kwa rangi. Nikamwambia Mtafiti tulaze kioo cha dirisha juu ya picha, kisha kila mnyama tumwekee harage lake: mekundu kwa nyumbu, ya madoadoa kwa punda milia, ya njano kwa ng'ombe. Ukimaliza picha, unakusanya rangi moja moja na kuhesabu. Alilipenda mno. Akaniambia ataandika kwenye jarida kwamba njia hii imetoka Karatu. Kama aliandika sijui, majarida hayo sikuwahi kuyasoma. Lakini alisema.

Sasa nifike penyewe.

Ulikuja ule ukame mkali wa mwisho wa mkoloni. Majani ya juu yaliisha, na wafugaji waliokaa ukingoni walikuwa wakishusha ng'ombe kreta kunywa maji na kulamba chumvi kando ya ziwa. Miongoni mwao alikuwepo mzee mmoja wa Kimaasai, rafiki wa marehemu baba. Urafiki wao ulikuwa wa ng'ombe. Huku kwetu mtu haweki ng'ombe wake wote zizi moja. Anampa rafiki wa mbali amtunzie wachache, ili ugonjwa au ukame ukipiga huku, kule kubaki kitu. Baba alipofariki, na ng'ombe wa nyumbani wakafa, tulibaki na ng'ombe mmoja tu duniani, jike jeupe lenye paja jeusi, naye alikuwa kwa mzee huyo. Mama alimwita mzee "shemeji", na mzee alimwita mama hivyo hivyo.

Mabwana wa serikali walitaka kukutana na kuamua kama ng'ombe waendelee kushuka kreta au wazuiwe. Wakamwomba Mtafiti awaletee hesabu. Naye, kwenye hesabu yake ya kwanza ya haraka, alipata ng'ombe wengi ajabu, wamejaa kando ya ziwa lote. Hesabu ile ikienda mkutanoni, njia ya chumvi ingefungwa katikati ya kiangazi, na mzee angebaki na mifupa. Na mama angebaki bila ng'ombe hata mmoja.

Nilimwendea Mtafiti asubuhi. "Bwana, lazima ujue. Katika ng'ombe hao yumo wa mama yangu."

Alikohoa, akanitazama. "Basi wewe weka nyumbu na punda milia. Ng'ombe nitaweka mimi mwenyewe. Halafu kila mmoja amkague mwenzake."

Niliridhika. Mtu asije kusema nilimficha ng'ombe chini ya harage.

Mzee mwenyewe alikuja kambini kuuliza, mkuki mkononi na rubega begani. Akazitazama zile picha kwa jicho la pembeni.

"Mwanangu, mnahesabu ng'ombe wangu kutoka mbinguni?"

"Ndiyo, baba."

"Huko kuna Mungu, na yeye mwenyewe hajawahi kuwahesabu. Anawapenda tu."

"Baba, wanasema ni wengi mno."

"Wengi!" Akageukia mlango wa hema kana kwamba kundi limesimama nje. "Wangapi wamebaki wanaoweza kusimama? Mwambie Mzungu wako, hao wengi aliowaona anionyeshe waliko, niende nikawakamue."

Akaondoka bila kunywa chai. Mmaasai akikataa chai yenye maziwa, ujue amekasirika.

Tulifanya kazi tena tangu picha ya kwanza. Mtafiti alichora kwa penseli nyekundu mstari pembeni mwa kila picha: kilicho nje ya mstari ni cha picha ya jirani, usikihesabu, maana picha hupandiana kidogo. Tulipanga maharage. Meza nzima ilijaa, na vipande viwili vya mbao vikaongezwa. Ilibaki kukaguana tu, kisha kukusanya. Siku hiyo tukashuka naye kreta mara moja kutazama alama fulani za ardhi, tukiwaza kurudi mchana na kumaliza.

Tuliporudi, kambi ilinukia makande.

Mama yangu alikuwa amekuja. Alikuwa ametoka Mbulumbulu kwa dada yake kuchukua mbegu, akasikia habari za mkutano, akapanda lori la mbao hadi juu kuja kumuulizia ng'ombe wake. Akamkuta mpishi amelala. Akaingia kwenye hema la kazi, akaona maharage yametawanywa mezani, rangi rangi. Kwa mwanamke wa kwetu hilo lina maana moja tu: mtu alianza kuchambua maharage akachoka. Na mwanamke wa kwetu hawezi kuacha maharage ya mtu yakisubiri. Aliyakusanya yote. Akavifuta vile vioo kwa khanga yake mpaka vikang'aa. Picha akazipanga vizuri, moja juu ya nyingine, pembe kwa pembe.

Mtafiti alisimama mbele ya meza ile safi.

"Mama," nikamwita. "Maharage yaliyokuwa hapa?"

"Yako jikoni, yanaiva. Mnaishi kama ngedere, mwanangu. Chakula kinalala mezani, wala hakuna anayekipika?"

"Mama, wale walikuwa nyumbu!"

"Nani walikuwa nyumbu?"

"Yale mekundu. Na ya madoadoa punda milia. Na ya njano..."

Mpishi, ambaye sasa alikuwa ameamka sana, akamalizia: "Ya njano ndio ng'ombe wa shemeji yako, mama. Umewapika na mahindi."

Mama aliangalia chungu, akaniangalia mimi, akamwangalia Mzungu. Nilidhani Mtafiti atafoka. Alikaa chini kwenye boksi, akaanza kutetemeka mabega. Nikafikiri kikohozi. Kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaomba sahani. Tukala makande yale, sote, na yalikuwa matamu, sitadanganya. Lakini tulipomaliza, uso wake ukabadilika. Mkutano ulikuwa umekaribia, mezani hakuna kitu, na hesabu pekee iliyokuwa imeandikwa mahali ilikuwa ile ya kwanza, ya ng'ombe wengi.

"Tunaanza upya," akasema. "Picha za ziwa kwanza, zile zenye ng'ombe. Wewe weka, mimi nitakagua kila moja kwa kioo. Ng'ombe wa mama yako atajitetea mwenyewe."

Tatizo, maharage hayakuwepo. Jikoni yalikuwa yameisha. Yaliyobaki pale ukingoni yalikuwa ya mama tu, mfuko wa mbegu alizotoka nazo kwa dada yake, meupe na meusi yamechanganyika. Ndiyo maana hakuyapika. Mbegu hailiwi hata nyumba ikiwa na njaa. Nilimwomba. Aliubana mfuko kifuani.

"Yasipotee," akasema. "Likipotea hata moja, utakwenda Mbulumbulu kwa miguu, umweleze mama yako mkubwa."

"Hayatapotea."

"Na huyu mpishi asikaribie."

"Mimi?" mpishi akasema. "Aliyepika ni nani leo?"

Nikaanza kuweka. Na kwa kuwa mkononi nilikuwa na rangi mbili, na ng'ombe kwenye picha nao walikuwa weupe na weusi, vidole vyangu vya mchungaji vikafanya vyenyewe: mweupe nikampa harage jeupe, mweusi jeusi. Sikuwa nimefikiri lolote la maana. Ilikuwa mazoea tu ya kutaka kundi lionekane kama kundi. Mama akaketi kwenye boksi kando yangu kulinda mbegu zake, macho hayatoki mezani. Picha zenyewe hakuziona. Nilijaribu kumwonyesha vivuli, akasema anaona vumbi. Aliona maharage.

Nilimaliza picha ya kwanza ya ziwa, Mtafiti akakagua, tukaiweka upande wa kushoto na kioo chake. Nikaendelea na nyingine za mstari huo, kisha nikaingia mstari wa pili wa ndege. Nilikuwa katikati ya picha mojawapo, kundi limejipinda kuelekea kwenye chumvi, ndipo mama akasema:

"Mbona hawa umeshawaweka?"

"Wapi, mama?"

"Pale." Hakunyosha kidole, alielekeza kwa kidevu. "Weupe wawili mbele, weusi wamebanana, halafu mweupe peke yake, na nyuma kabisa mweusi anayeburuta mguu. Si wale wale?"

Nikageuka kutazama ile picha ya kushoto. Weupe wawili mbele. Weusi wamebanana. Mweupe peke yake. Nyuma kabisa, mbali kidogo na wenzake, jeusi moja. Mstari mmoja ulikuwa umenyooka zaidi na mwingine umepinda zaidi, kama vile walivyokuwa wanatembea. Kwa maharage ya njano tupu tusingeliona hilo kamwe. Yote yangekuwa rundo moja kama jingine.

"Bwana!" nikaita. "Bwana, njoo! Ndege imewaona mara mbili!"

Mtafiti alikuja na kalamu sikioni. Akatazama huku, akatazama kule. Hakukubali upesi, na hilo ndilo nililompendea. "Ng'ombe wanaweza kufanana," akasema. "Ng'ombe wanatembea. Nitafutie kitu kisichotembea."

Tukaondoa maharage kwa uangalifu, mama akayapokea kwenye khanga. Tukasogeza picha mbili zile karibu, zile pembe zinazotazamana, tukaanza kuwinda kwa kioo. Kando ya lile ziwa ardhi ni nyeupe tupu, magadi, hakuna mti wala jiwe; ndiyo maana mstari wa penseli ulichorwa kwa kukisia. Tulitafuta mpaka macho yakawa yanaona nyota. Nikawa wa kwanza kukiona upande wangu: kijito kilichokauka, chembamba kama unywele, kimegawanyika mara mbili kama manati. Mtafiti akatafuta upande wake. Kisha akaweka ukucha wake kwenye picha yake.

"Manati," akasema taratibu.

Ilikuwa manati ile ile. Ndipo akaelewa yote, akanieleza kwa kupiga meza. Upepo unaoporomoka kutoka kwenye kuta za kreta uliisukuma eropleni kando, ikapita karibu na pale ilipokuwa imekwisha kupita. Kando yote ya ziwa ilikuwa imepigwa mara mbili. Akaenda kwenye mstari wa tatu, akatafuta mwenyewe, na huko nako akakuta makundi yaliyorudiwa. Kila alipolipata moja alimwita mama aje atazame maharage. Mama akaja, akatazama, akasema "ndio hao" au "hao siwajui." Hakukosea na hakuwa na haraka. Na Mtafiti hakuandika hata moja kwa neno lake tu. Kila mara alisema, "Haya, sasa kitu kisichotembea," tukawinda kwa kioo. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, watu watatu, kila mmoja na jicho lake, na sikumbuki siku nyingine niliyokuwa na raha kama ile.

Hesabu mpya ilikuwa ndogo mno kuliko ya kwanza. Mtafiti aliiandika, na chini yake akaeleza kosa lilivyotokea, bila kujificha. Alisema kule kwao mtafiti asiyeandika kosa lake hastahili kuletewa jarida.

Siku ya mkutano alinichukua. Ndani sikuingia, nilisimama nje kando ya gari pamoja na mzee. Nilimsimulia yote wakati tunangoja. Alisikiliza akichora chini kwa mkuki.

"Kwa hiyo Mzungu aliniona na ng'ombe mara mbili ya hawa."

"Ndiyo, baba. Kwa bahati mbaya."

"Bahati mbaya kwa nani? Mwambie hao wa pili awaache hivyo hivyo, mimi nitawapokea."

Nikacheka, naye akacheka. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika mkuki kwa nguvu.

Mtafiti alitoka akiwa na kofia mkononi. Akamjia mzee kwanza, si mimi. "Mzee, njia ya chumvi iko wazi. Mtashuka kama zamani, mpaka mvua."

Mzee hakusema asante. Alimtemea Mtafiti mate kidogo kwenye kiganja, yaani alimbariki, na Mtafiti alikuwa amekaa nasi muda wa kutosha kujua kwamba huo mkono haufutwi. Kisha akaniuliza, "Huyo shemeji aliyewala ng'ombe wangu yuko wapi?"

Alikuwa kambini, amefunga mzigo wake. Aliposikia habari alikaa chini tena, akafungua ule mfuko wa mbegu, akautazama ndani kwa muda. Kisha akamwita Mtafiti, akamwekea harage moja jeupe mkononi.

"Hili nakupa wewe. Mengine yote yapo."

"Umeyahesabu, mama?" nikamchokoza.

"Nihesabu nina wazimu? Nimeyaona."

Kesho yake asubuhi tulisimama sote watatu juu, pale njia ya ng'ombe inapoanza kushuka: mama, mzee na mimi. Ukungu ulikuwa unainuka kutoka ndani ya kreta. Kundi lilipita mbele yetu likielekea chini kwenye chumvi, mbavu zinaonekana, lakini linatembea. Weupe wawili mbele. Weusi wamebanana. Halafu, peke yake, yule jike wetu mweupe, paja jeusi, ameinua kichwa kama mwenye mambo yake. Na nyuma kabisa yule anayeburuta mguu.

Eropleni haikuwepo, lakini niliwaona kutoka juu. Niliona migongo yao na niliona vivuli vyao vimelala ubavuni mwa njia, kila kimoja na nundu yake. Mama alinigusa kiwiko.

"Mikono yako iko wapi?"

"Mfukoni, mama."

"Iache humo humo," akasema, na tukaendelea kuwatazama wakishuka.